Nipe kichaka, baba

“Baba, sikuombi shamba. Nipe kichaka tu.”

Mzee alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mkwaju, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, na binti yake wa tatu amepiga magoti pembeni na bakuli la uji mkononi. Ilikuwa Januari, mvua zimeshika, na kila mtu Misigiri alikuwa na jembe begani. Ni wao tu waliobaki nyumbani asubuhi ile.

Msafiri anayetoka Singida mjini kwenda Nzega anaijua Misigiri kama njia panda. Hapo ndipo barabara ya Kiomboi inapochepuka, mabasi yanasimama, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapumzika kabla ya kuteremka Mlima Sekenke. Lakini ukiiacha lami na kutembea kama nusu saa, unaingia katika Misigiri nyingine, ya alizeti, mtama, mifugo na uzio wa minyaa. Huko ndiko lilikokuwa shamba la mzee, ekari nne alizozilima tangu alipooa.

Lakini hiyo ilikuwa zamani. Mzee aliumia mguu alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni, na kwa misimu sita hakuna aliyetia jembe. Mkewe aliweza bustani ya nyuma ya nyumba tu. Vijana wawili wa kiume walikuwa Dar es Salaam, na binti wakubwa walikuwa kwa waume zao. Msimu wa kwanza shamba liliota nyasi, wa pili magugu, wa tatu miiba. Kufikia msimu wa sita mkulagembe ulikuwa umelifunga shamba lote, hata njia ya kwenda kisimani ikahamia pembeni.

Mkulagembe jina lake linajieleza, na wapo wanaouita mvunja shoka. Ni mti mdogo wa miiba, wenye maua mazuri yanayoning’inia, nusu ya waridi na nusu ya njano. Uzuri wake unaishia hapo. Ukiukata shina, mizizi iliyotambaa ardhini inatoa machipukizi kila upande. Unafyeka mmoja leo, baada ya wiki chache unahesabu mitano. Vibarua waliokuja kulitazama shamba walitaja bei ya kufyeka na kung’oa visiki ambayo, kwa hesabu ya mzee, ilikuwa bei ya mbuzi tisa. Walipoondoka alicheka peke yake, kwa sababu mkewe alikuwa na mbuzi tisa hao hao zizini, na ndiyo akiba yote ya nyumba.

Kaka mkubwa alikuwa na jibu lake, na alilitoa kwa simu kila mwisho wa mwezi. “Baba, uza. Lile si shamba tena, ni pori.” Kuhusu dada yake alisema maneno laini. Alisema apumzike nyumbani, asijitwishe mambo mengi, kwani mtoto wa kike makao yake ni kwa mume na Mungu atamletea mwingine. Akufukuzaye hakwambii toka. Binti aliyasikia maneno hayo kupitia spika ya simu akiwa anaosha vyombo, na hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Ndoa yake ilikuwa imevunjika miezi minane nyuma. Alirudi na begi la nguo, mtoto wa kiume wa darasa la tano, na mbuzi majike wanne aliowanunua mmoja mmoja kwa fedha za kikoba. Kati ya yote aliyoyatafuta katika miaka kumi na miwili, hao ndio waliobaki mikononi mwake. Ndiyo maana hakuomba ekari nne za baba yake. Aliomba kile ambacho hakuna mtu aliyekitaka.

“Utakifanyia nini kichaka?” mzee aliuliza.

“Nitawaingiza mbuzi. Wangu wanne na wa mama tisa. Watakila.”

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa na ubishi wa kawaida wa wazee. Alikuwa na jambo aliloliona kwa macho yake. Katika ujana wake aliwahi kuwa kibarua wa barabara Kondoa, na makorongo ya kule hakuyasahau, ardhi nyekundu iliyopasuka kiasi cha kummeza mtu na baiskeli yake. Alikuwapo Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO, mwaka 1973, na aliona mwaka 1979 mifugo ikiamriwa kuondoka katika maeneo yaliyoharibika zaidi. Ng’ombe, kondoo, punda na mbuzi, wote nje. Na katika mazungumzo ya vijiweni aliyelaumiwa kuliko wote alikuwa mbuzi.

“Mbuzi ni jangwa lenye miguu minne,” alisema. “Akimaliza kichaka atakula na udongo.”

Hofu ya mzee ilikuwa na msingi, ila ilikuwa nusu ya habari. Mpwapwa, katika mkoa huo huo wa Dodoma, watafiti wa mifugo wa enzi ya mkoloni walilinganisha malisho yaliyochungiwa ng’ombe na yaliyochungiwa mbuzi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1942. Palipolishwa ng’ombe, ng’ombe walimaliza nyasi na vichaka vikapata nafasi ya kutawala. Palipolishwa mbuzi, vichaka vilibanwa na nyasi zikapata nafuu. Sababu yake mfugaji yeyote anaijua bila kusoma. Ng’ombe huinamisha kichwa atafute nyasi. Mbuzi huinua kichwa atafute majani. Mdomo wake wa juu ni mwepesi kama vidole, unachomoa jani katikati ya miiba, na asipofika husimama kwa miguu ya nyuma. Majani machungu yanayomshinda ng’ombe, yeye huyatafuna bila wasiwasi.

Mama ndiye aliyekata shauri. “Kichaka chenyewe kinatuzalia nyoka tu,” alisema kutoka jikoni. “Mpe.”

Mzee akampa.

Mwezi wa kwanza na nusu ulikuwa wa aibu. Binti alikuwa akienda njia panda kuuza chai na maandazi kuanzia alfajiri, kwa hiyo kazi ya kuchunga ilimwangukia mtoto. Alitakiwa awapeleke mbuzi kichakani, awaache, aende shule, kisha awarudie jioni. Lakini mbuzi hawaachwi. Walikula majani laini ya ukingoni, wakachoka na miiba, wakatafuta kitu bora. Mtoto naye, kwa kuogopa, akaanza kubaki nao. Siku moja ikawa mbili, mbili zikawa wiki.

Mwishoni mwa Februari mambo mawili yalitokea siku moja. Asubuhi mwalimu wa darasa alimwita mama wa mtoto na kumwonyesha daftari la mahudhurio. Siku kumi na moja za mwezi ule zilikuwa na alama ya kutofika. Jioni jirani alikuja na mabua mkononi. Mbuzi walikuwa wameingia katika alizeti yake na kula mistari mitatu. Mwenyekiti wa kitongoji aliwasikiliza wote wawili, akaamua jirani afidiwe kwa mbuzi mmoja. Aliyekwenda alikuwa mmoja wa wale wanne.

Usiku ule binti alimwambia mama yake kwamba atawauza waliobaki. Alisema kaka yake alikuwa na haki, shamba liuzwe, na yeye ataenda mjini kutafuta kazi za ndani. Mzee alikuwa amelala chumba cha pili, au walidhani amelala.

Asubuhi walimkuta ameshaamka. Amevaa makobazi yake ya tairi, kigoda ameking’ang’ania kwapani, na fimbo mkononi.

“Mtoto aende shule,” alisema. “Kosa si la mbuzi. Tumempa mtoto kazi ya mtu mzima, halafu tunashangaa.”

Hakuna aliyempinga. Mkewe alimfungia viazi vitamu kwenye kitambaa, na wakaanza safari. Njia ya nusu saa kwa mguu ule ilimchukua karibu saa nzima, na mbuzi walikuwa wakisimama kumngoja.

Mzee hakuwa mchungaji kwa kazi, lakini alikuwa mtu wa barabara, na mtu wa barabara anajua kwamba kazi kubwa hugawanywa vipande. Alimwambia binti yake aajiri kijana mmoja mwenye panga kwa siku tatu tu. Hawakufyeka shamba zima. Walikata mkulagembe ulioshinda urefu wa mbuzi, wakaubakiza kimo cha goti, kisha matawi yenyewe ya miiba wakayapanga kuwa ua. Kipande cha kwanza kilikuwa robo ekari. Mbuzi kumi na wawili wakafungiwa humo mchana, mzee akakaa mlangoni na kigoda chake.

Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Siku hizi msemo huo hutumiwa kwa watu wenye vyeo, lakini mzee aliuchukua kama ulivyo. Mbuzi aliyefungiwa robo ekari hana nafasi ya kuchagua. Alimaliza majani laini, akaja kwenye magumu, akagugumia na magome. Siku ya tisa kipande kilikuwa kimebaki vijiti. Hapo ndipo mzee alipoonyesha alichojifunza Kondoa. Hakuwaacha hata siku moja zaidi. Nyasi zilizokuwa zimejificha chini ya miiba zilikuwa zimeanza kupata jua, na alitaka zibaki kushika udongo. Ua likahamishwa, mbuzi wakaingia kipande cha pili.

Wiki tano baadaye mkulagembe wa kipande cha kwanza ulitoa machipukizi, kama kawaida yake. Mbuzi wakarudishwa. Machipukizi yalikuwa laini kama mchicha, yakaisha kwa siku tatu. Yakatoka tena, yakaliwa tena, na kila safari yalikuwa machache na membamba. Mti huishi kwa majani, na mzizi unaochipua bila kuachiwa jani unakula akiba yake mwenyewe. Panga hupita mara moja na kwenda nyumbani. Mbuzi hurudi.

Watu walipita wakimtania. Mzee mzima kuchunga mbuzi, kazi ya watoto! Yeye alijibu vilevile kila mara: “Sichungi, nafyeka.”

Hakuachia mbuzi wale kila kitu. Miche michanga ya mkwaju na mng’ong’o aliizungushia miiba na kuifunga vipande vya kanga kuukuu ili kijana wa panga asiikate. Karibu na kisima kulikuwa na lantana, ule mmea wa maua ya rangi mbili tatu ambao wengine huupanda kama uzio. Huo aliung’oa kwa mkono kabla mbuzi hawajafika, kwa sababu una sumu. Mnyama anayeula kwa wingi huharibika ini, na ngozi yake, hasa masikioni na puani, huchubuka akikaa juani.

Jambo moja hakulijua, akaambiwa na afisa mifugo wa kata aliyepita kuwachanja kuku. Mkulagembe huzaa maganda yaliyojikunja kama chango, na mbuzi huyapenda mno. Lakini mbegu zake ni ngumu, nyingi hupita tumboni salama na kutoka kwenye kinyesi zikiwa tayari kuota. Kumlisha mbuzi maganda yaliyokomaa ni kumtuma akapande miba kwa jirani. Wenzetu wa Baringo nchini Kenya waliyaona hayo kwa mti mwingine, mathenge, ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Mbuzi walikula maganda yake matamu, wakaisambaza mbegu mabondeni kote, na sukari ya maganda ikawaharibu meno. Wananchi walifika mahakamani kuishtaki Serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa kama ushahidi.

Kwa hiyo maganda yalipoanza kufunga, binti alikuwa akienda shambani jioni baada ya biashara, anayakata na kuyachoma moto. Mtoto naye alikuja Jumamosi, siku hiyo moja tu. Alikaa na babu yake mlangoni mwa ua, akasoma kwa sauti kitabu cha Sayansi huku babu akimkatiza kila mara kumuuliza maana. Katika mtihani wa muhula hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa kumi na nne, kutoka arobaini na moja. Mzee alilitembeza karatasi la matokeo hadi kwa jirani wa alizeti.

Ukame ulipofika na majani kupukutika, mbuzi walihamia kwenye mabua ya mashamba yaliyovunwa, kwa makubaliano na wenye mashamba. Vipande vinane vilikuwa vimepita mikononi mwao, yaani ekari mbili. Visiki vilibaki, maana mbuzi hang’oi kisiki. Ila sasa vilionekana, havikuwa na miiba ya kumzuia mtu, na vibarua wale wale wakatoa bei ambayo binti aliimudu kwa fedha ya maandazi na beberu mmoja. Samadi ya zizi ilisombwa kwa toroli hadi shambani. Novemba mvua za kwanza ziliponyesha na machipukizi ya ukaidi yakatokeza, mbuzi waliingia kwa wiki moja kuyamaliza, kisha wakatolewa. Desemba binti alipanda alizeti ekari moja na nusu.

Katika mwaka huo kaka mkubwa hakusema tena habari ya kuuza. Badala yake siku moja alituma kwa WhatsApp picha ya mbuzi wakila nyasi mbele ya majengo ya vioo. Ilikuwa habari ya mwaka 2009, kampuni ya Google ya Marekani ilipokodi mbuzi wapatao 200 kusafisha eneo lake kule California. Chini ya picha aliandika: “Kumbe hata Wazungu.” Dada yake alimjibu kwa kidole gumba. Wote wawili walijua kwamba huo ulikuwa msamaha.

Krismasi alikuja nyumbani na familia yake. Siku ya pili yake mzee aliitisha kikao chini ya mkwaju. Alisema maneno machache. Ekari mbili zilizosafishwa ziandikwe kwa jina la binti yake, na ekari mbili zilizobaki wagawane wengine, wakitaka kuzitoa kichakani. Kaka alikohoa. Akauliza, kwa heshima zote, mila inasemaje kuhusu mtoto wa kike.

“Mila niliikuta na nitaiacha,” mzee alijibu. “Mimi nakuuliza wewe. Ile miiba ilipokuwa pale, mila ilikuja kuifyeka?”

Mtendaji wa kijiji, aliyealikwa kama shahidi, aliongeza la ofisini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria. Akaeleza utaratibu wa kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Kaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema asomewe tena sehemu ya mashahidi, naye aandikwe.

Mama alilia kidogo, akasema ni moshi.

Kabla ya kuondoka, kaka alipita zizini. Mbuzi walikuwa kumi na saba, kwa maana majike watano walikuwa wamezaa. Alimsifu beberu mmoja mweusi, akampapasa mgongo, akauliza kama angepata wa kupeleka Dar es Salaam kwa ajili ya mwaka mpya. Zamani isingekuwa hata swali. Mtoto wa kwanza hafungi safari mikono mitupu.

Dada yake alitazama shambani. Alizeti ilikuwa imetoa majani mawili mawili, mistari minyoofu kama daftari. Ng’ambo yake kichaka cha kipande cha tisa kilikuwa kimesimama kama ukuta, na mzee alikuwa ameshakwenda kukaa mbele yake na kigoda.

“Kaka yangu, hawa wapo kazini,” alisema.

Akamkamatia majogoo mawili ya kienyeji, yale ambayo watu wa Dar es Salaam huyasifia kwa jina la kuku wa Singida, akayafunga miguu, akayabeba mwenyewe mpaka njia panda.